Mseminari na Haki Jinai: Somo la Pili Kando ya Falsafa



Katika vyuo vya Marekani mwanafunzi huchagua somo moja kuu, na kando yake anaweza kuchukua somo la pili lenye kozi chache tu. Mmoja atasoma falsafa na muziki, mwingine historia na Kihispania. Haki jinai, yaani mafunzo kuhusu polisi, mahakama na magereza, ni mojawapo ya masomo hayo ya pili. Katika makala haya tunataka kueleza kwa nini sisi tunaosoma falsafa seminarini tungefaidika tukilifanya hilo kuwa somo letu la pili, hata kama halimo kwenye ratiba. Waamini wetu nao wanakaribishwa kusoma pamoja nasi, kwa sababu wao ndio wenye ndugu mahabusu.

Neno lenyewe "haki jinai" lilizoeleka masikioni mwa wengi mwaka 2023, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipounda tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya uenyekiti wa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Linajumlisha safari nzima: malalamiko, ukamataji, upelelezi, mashtaka, kesi, hukumu, rufaa, kifungo, na siku mtu anapotoka gerezani na kurudi kijijini kwake. Anayesoma sheria peke yake husimama zaidi kwenye hukumu. Anayesoma haki jinai anamfuata mtu tangu mlango wa kituo hadi mlango wa nyumbani.

Huko Marekani somo hili lilizaliwa kama mafunzo ya askari. August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, California, alisaidia kuanzisha masomo ya upolisi katika chuo kikuu cha huko mwaka 1916. Mwaka 1967 tume iliyoundwa na Rais Lyndon Johnson ilitoa ripoti iliyotazama polisi, mahakama na magereza kama mfumo mmoja, kisha serikali ikatoa fedha ili askari wasome vyuoni, na idara za haki jinai zikaongezeka. Asili hiyo imeacha alama. Somo linajua kueleza kazi inafanywaje, lakini mara nyingi halina muda wa kuuliza kwa nini tunaadhibu. Sisi tuna upungufu wa upande wa pili. Tunaweza kujadili utashi huru saa nzima, kwa Kilatini tukitaka, na tusijue kwamba mtu aliyekamatwa jioni hii anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Ndiyo maana tunaona masomo haya mawili yanahitajiana.

Dhambi na kosa la jinai

Tuanze na jambo jepesi ambalo linawachanganya wengi. Si kila dhambi ni kosa la jinai. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa ya Teolojia, anapouliza kama sheria ya binadamu inapaswa kukataza maovu yote, anajibu kwamba hapana: sheria imewekwa kwa ajili ya umati wa watu ambao wengi wao hawajakamilika katika fadhila, hivyo inazuia hasa yale maovu mazito yanayodhuru wengine na kuvunja maisha ya pamoja. Mfano ulio karibu nasi ni uzinzi. Kwa mafundisho ya Kanisa ni dhambi kubwa. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania si kosa la jinai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwenzi aliyeumizwa nafasi ya kudai fidia, basi. Polisi hawahusiki.

Hata hivyo mambo haya mawili yana undugu. Katekisimu inataja masharti matatu ya dhambi ya mauti: jambo zito, ujuzi kamili, na ridhaa ya makusudi. Mwanasheria naye huuliza mawili: je, tendo limefanyika, na je, lilifanyika kwa nia ovu? Ndiyo sababu kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia ni makosa mawili tofauti, ingawa marehemu ni yuleyule na machozi ya familia ni yaleyale. Mtu anayejifunza katika darasa la maadili kupima tendo la kibinadamu anakuta kwamba hakimu wa wilaya anafanya kazi hiyohiyo kila Jumatatu, akiwa na kikwazo kimoja: haoni moyo. Anaona panga lilipatikana wapi, maneno gani yalitamkwa kabla ya ugomvi, mtu alikimbia au alibaki. Kutoka nje anakisia ndani. Padre katika kitubio anaanza na yale ambayo mwenye moyo amemwambia mwenyewe.

Mtuhumiwa, mshtakiwa, mfungwa

Tunapokwenda magereza kwa utume tunasema tumewatembelea "wafungwa". Ukweli ni kwamba miongoni mwa wanaoimba nasi nyimbo za Bikira Maria wapo mahabusu, watu ambao kesi zao hazijaamuliwa na wengine hazijaanza kusikilizwa. Kwa Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ni marufuku kumtendea mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kwamba amelitenda. Kanisa nalo limeliandika hilo waziwazi katika sheria zake. Papa Fransisko aliporekebisha Kitabu cha Sita cha Sheria za Kanisa mwaka 2021, kanuni ya 1321 iliwekewa aya inayosema kila mtu ahesabiwe hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe.

Tunadhani hapa ndipo wengi wetu tunahitaji kusahihisha ulimi. Vyombo vya habari vikisema "jambazi sugu akamatwa", sisi tunarudia. Mwanajumuiya akikamatwa Alhamisi, Jumamosi kwenye jumuiya ndogo ndogo tayari anaitwa mwizi, na mke wake anaanza kukaa nyuma kanisani. Kuna hatua moja zaidi kutoka hapo, nayo ni ile inayofanywa na watu wanaoitwa kwa upole "wananchi wenye hasira kali". Tairi na mafuta ya taa ni hukumu bila hati ya mashtaka, bila shahidi na bila rufaa. Katika wale wanaokusanyika wamo waliobatizwa. Hilo tuliseme tu.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinafaa kusomwa upya na kila anayejifunza haki jinai. Paulo anapotaka kuchapwa viboko Yerusalemu anauliza kama ni halali kumpiga raia wa Roma ambaye hajahukumiwa, na jemadari anaogopa. Baadaye anakaa mahabusu Kaisaria miaka miwili, kwa sababu, Luka anatuambia bila kuficha, liwali Feliki alikuwa akitumaini kupewa fedha. Festo anapomrithi Feliki anakwama kwenye jambo ambalo kila karani wa mahakama anaweza kulielewa: anampeleka mtu kwa Kaisari na hajui aandike mashtaka gani. Rushwa, kuahirishwa, jalada lisilo na maelezo: yote yamo mle. Mahabusu wetu wanaifahamu vizuri sentensi moja kuliko nyingine yoyote ya kimahakama, ile ya upande wa mashtaka kwamba upelelezi haujakamilika, na kesi kutajwa tena baada ya siku kumi na nne.

Kwa baadhi ya makosa, kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, hakuna dhamana kabisa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachozuia dhamana kinapingana na Katiba, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mwanafunzi wa falsafa anapaswa kuyapima mabishano haya mwenyewe. Upande mmoja unasema uhuru wa mtu asiye na hatia usitegemee jina la kosa aliloandikiwa. Upande wa pili unasema jamii ina haki ya kujilinda dhidi ya hatari kubwa kabla ya hukumu. Sisi tunaona hoja ya kwanza ina nguvu zaidi, angalau kwa kiasi hiki: hakimu aachiwe nafasi ya kumtazama mtu aliye mbele yake. Lakini tunakiri kwamba aliyewahi kuvamiwa usiku kwa bunduki atatusikiliza kwa mashaka, na ana haki.

Hakimu anayejua ukweli

Sasa tuje kwenye swali ambalo lilituvuta sisi kwenye somo hili. Tuseme hakimu alikuwa dirishani kwake usiku na akamwona muuaji kwa macho yake. Kesho yake analetwa mtu mwingine kabisa, na mashahidi wa uongo wanatoa ushahidi uliopangwa vizuri dhidi yake. Hakimu afuate nini, anachojua au kilichothibitishwa?

Mtakatifu Thomas anaijibu hoja hii katika sehemu ya Summa inayoitwa kwa kifupi Secunda Secundae, anapozungumzia haki ya hakimu. Anasema kuhukumu ni kazi ya mtu mwenye mamlaka ya umma, kwa hiyo hakimu ahukumu kwa yale anayoyajua kama mtu wa umma, yaani kwa sheria, mashahidi na nyaraka zilizoletwa mbele yake. Aliyoyaona dirishani anayajua kama mtu binafsi. Je, basi ayasahau? Hapana. Yamsaidie kuuchunguza ushahidi kwa ukali zaidi, autafute udhaifu wake, awahoji mashahidi kwa makini ili apate njia halali ya kumwokoa asiye na hatia. Hapo Thomas anamtaja Danieli. Wasomaji wanakumbuka sura ya 13 ya kitabu hicho: wazee wawili wanamsingizia Susana, umati umekwisha kumhukumu kwa sababu wasemaji ni wazee wenye heshima, na kijana Danieli anaomba jambo moja tu, wazee watenganishwe. Anamuuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani. Wanataja miti miwili tofauti. Wanaofundisha uwakili bado wanaitumia mbinu hiyo ya kuwahoji mashahidi mmoja mmoja.

Ikiwa udhaifu haukupatikana, Thomas anataka hakimu apeleke jambo kwa mamlaka ya juu. Na hilo nalo likishindikana, anasema, hakimu atakayeamua kwa kufuata ushahidi hatendi dhambi. Wengi wetu tunaposoma hapo kwa mara ya kwanza tunakataa. Inawezekanaje? Tunaanza kuelewa tukigeuza mfano. Mpe kila hakimu ruhusa ya kuhukumu kwa anachokijua binafsi, na kesho atakuja hakimu mwingine "anayejua" kwamba mshtakiwa ni mwovu, ingawa ushahidi haupo. Kanuni inayomfunga mikono hakimu mwema ni ileile inayomfunga mikono hakimu mbaya. Ndiyo maana mahakama zetu zinadai upande wa mashtaka uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka yenye msingi, na shaka ikibaki inamfaidi mshtakiwa. Mtu atasema wahalifu wengine wataponea hapo. Ni kweli, wataponea. Ndiyo gharama, na tumeichagua.

Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha 19 cha Mji wa Mungu, aliona uchungu wa jambo hili karne nane kabla ya Thomas. Anamwelezea hakimu wa wakati wake ambaye, kwa sababu hajui ukweli, anamtesa mshtakiwa ili aupate; na pengine asiye na hatia, akiona mateso yamezidi, anakiri kosa ambalo hakulitenda. Agostino hamtukani hakimu huyo. Anaihurumia hali ya binadamu ambaye lazima ahukumu na hawezi kuona ndani. Kila tunaposikia kwamba mtuhumiwa "amekiri mwenyewe" akiwa mikononi mwa waliomkamata, ukurasa huo unaturudia. Sheria yetu ya Ushahidi nayo imeliona hilo: maungamo yaliyotolewa kwa vitisho, ahadi au mateso hayana nafasi.

Kwa mseminari kuna somo la ziada. Ujuzi wa padre pia ni wa aina mbili. Anachokisikia katika Sakramenti ya Kitubio hakijui kama mtu. Kanuni ya 983 inasema muhuri wa sakramenti hauvunjiki, na hakuna mahakama wala hatari inayoufungua. Anachoambiwa ofisini, barabarani au kwa simu ni jambo lingine kabisa. Mazungumzo ya ofisini si kitubio hata kama mlango umefungwa na mtu analia. Tofauti hii inaonekana ndogo darasani. Tutaona sasa inavyokuwa kubwa kijijini.

Kesi ni mali ya nani?

Jalada la kesi ya jinai huandikwa "Jamhuri dhidi ya fulani". Mama aliyeibiwa ng'ombe wake hayumo katika jina la kesi. Yeye ni shahidi. Mnorwe mmoja, Nils Christie, aliyekuwa mwanazuoni wa masuala ya uhalifu, aliliona hilo kuwa tatizo. Katika makala yake ya mwaka 1977 kuhusu migogoro kama mali, hoja yake ni kwamba dola na wanasheria wamewapora watu migogoro yao. Na mfano wake wa kwanza anautoa kwetu, mkoa wa Arusha. Anasimulia shauri lililosikilizwa kilimani penye jua: uchumba umevunjika, zawadi zimetolewa, sasa zigawanywe vipi? Wahusika wenyewe walikuwa katikati, ndugu na majirani wakawazunguka, wakauliza, wakacheka, wakasaidiana kukumbuka. Wenye cheo ndio waliozungumza kidogo kuliko wote. Christie aliifananisha picha hiyo na mahakama za kwao, ambako wahusika hukaa kimya na wataalamu ndio husema.

Tulifurahi kukuta kijiji chetu kikifundisha Ulaya. Lakini furaha hiyo ina mipaka yake, na hapa tunaomba wasomaji watuvumilie tukae kidogo.

Binti wa miaka kumi na minne amepewa mimba na mtu mzima. Wazazi wa pande mbili wanakutana jioni. Zinatajwa ng'ombe, linatajwa pato la mwezi, linatajwa jina jema la ukoo. Mwenyekiti wa jumuiya anaombwa awepo kama shahidi wa amani, na pengine katekista au padre anaombwa aombe sala ya upatanisho. Mambo yanakwisha. Kesi ikiwa ilishafunguliwa, mashahidi hawatokei, binti amepelekwa kwa shangazi mkoa mwingine, na mwishowe shauri linaondolewa. Tunaiita hali hiyo kumalizana kifamilia. Wenye kufanya hivyo si watu wabaya wote. Baadhi wanaamini kweli kwamba wanatii Injili ya msamaha.

Sheria inasemaje? Kwa Tanzania, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998, kujamiiana na binti aliye chini ya miaka kumi na minane ni ubakaji hata kama alikubali, isipokuwa katika mazingira machache ya ndoa, na adhabu yake huanzia miaka 30 jela. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Hakuna mahali ambapo baba amepewa uwezo wa kuisamehe jinai hiyo kwa niaba ya binti.

Na hapo ndipo jina lile "Jamhuri" linapopata maana. Jamhuri inashitaki kwa sababu binti hana nguvu ya kushitaki, na kwa sababu wanaozungumza kwa jina lake jioni ile wana maslahi yao. Kilima cha Christie kilifaa kwa wachumba wawili walio watu wazima na waliosikilizwa wote wawili. Katika mkutano wa ng'ombe, mwenye mgogoro hakuulizwa hata mara moja. Aliyeporwa mgogoro wake ni yeye, na walioupora ni wazazi na majirani, wala si dola.

Je, msamaha umefukuzwa? Hapana. Msamaha ni wa aliyeumizwa, na hakuna anayeweza kumlazimisha wala kumtangulia. Tarehe 27 Desemba 1983 Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikwenda gereza la Rebibbia, Roma, akaketi na Mehmet Ali Ağca aliyempiga risasi mwaka 1981. Alikwisha kumsamehe hadharani siku chache baada ya kupigwa risasi. Lakini Ağca alibaki gerezani. Msamaha wa Rais wa Italia ulikuja mwaka 2000. Miaka yote hiyo msamaha na kifungo vilikaa pamoja bila kugombana. Zakayo naye, aliposamehewa, alirudisha mara nne. Padre anayeombwa sala ya upatanisho katika mkutano wa namna ile ana jibu la heshima: tutasali pamoja nanyi, na kwanza tutakwenda kwa mtendaji na ustawi wa jamii. Alichoambiwa hapo hakikuwa kitubio.

Kanisa limejifunza hili kwa uchungu ndani ya nyumba yake. Papa Fransisko alipotoa Vos estis lux mundi mwaka 2019 aliwafunga mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji kwa mamlaka ya Kanisa, bila kugusa wajibu wanaodaiwa na sheria za nchi. Mwongozo wa malezi ya kipadre wa mwaka 2016 unataka waseminari wapewe mafunzo mahususi kuhusu ulinzi wa watoto na watu walio katika hali tete. Mseminari akisoma haki jinai kwa dhati, mafunzo hayo hayatakuwa semina ya siku moja yenye vitafunwa.

Tunaadhibu ili iweje?

Wanafalsafa wamegawanyika hapa, na kila mwaka wa pili anajua majina. Kant anasema mtu aadhibiwe kwa sababu amestahili, asitumiwe kama njia ya kufikia lengo lingine. Bentham anasema adhabu ni maumivu, na maumivu yana uhalali pale tu yanapozuia maumivu makubwa zaidi. Cesare Beccaria, katika kitabu chake cha mwaka 1764, alipinga mateso na adhabu ya kifo, na Kanisa la wakati huo likakiweka kitabu hicho kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Tusiione haya historia hiyo. Ni afadhali kuijua.

Katekisimu, namba 2266, haichagui upande mmoja. Inasema adhabu inarekebisha kwanza mvurugo uliosababishwa na kosa. Inalinda utulivu na usalama wa watu. Na kadiri inavyowezekana ni dawa kwa mkosaji. Aliyefungwa akiipokea adhabu yake kwa hiari, inakuwa malipizi. Sheria za Kanisa nazo, kanuni ya 1311 kama ilivyorekebishwa, zinataja kurudisha haki, kumrekebisha mkosaji na kuponya kashfa. Mtihani wa kweli wa fikra hizi ni adhabu ya kifo. Agostino alimwandikia Marselino, afisa wa dola, akimwomba wale waliowaua na kuwajeruhi mapadre wake wasilipwe kwa kuuawa. Thomas aliikubali adhabu hiyo kwa ajili ya manufaa ya wote. Mwaka 2018 namba 2267 ya Katekisimu ilibadilishwa, na sasa Kanisa linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kwa sababu inashambulia hadhi ya mtu, na linafanya kazi ili ifutwe duniani kote.

Nchini kwetu mjadala huo una historia yake. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikaona Katiba inairuhusu kwa ulinzi wa jamii. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha hakimu atoe hukumu ya kifo bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira kunavunja haki ya kuishi. Hakuna aliyenyongwa Tanzania tangu mwaka 1994, lakini hukumu zimeendelea kutolewa, na waliohukumiwa wameishi miaka mingi wakingoja siku isiyokuja wala kufutwa. Padre anayewahudumia anasikia maswali ambayo Kant hakuyaandika.

Kwa makosa madogo kuna mlango ambao waamini wengi hawaujui. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mtu mwenye kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu atumikie adhabu nje, akisafisha zahanati au kupanda miti, na jioni alale kwake. Parokia zinaweza kuisaidia kazi hiyo kwa njia rahisi sana, kwa kutomtazama mtu huyo vibaya anapopita na ufagio.

Namna ya kuanza

Kitabu cha kwanza ni Katiba, Ibara ya 12 hadi 16. Halafu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kimepungua. Kando yake weka maswali ya 60 hadi 71 ya Secunda Secundae, ambako Thomas anajadili hakimu, mlalamikaji, mshtakiwa, shahidi na wakili kila mmoja kwa zamu. Kisha, likizo ikifika, nenda ukakae kwenye benchi la nyuma mahakamani asubuhi moja. Kesi nyingi husikilizwa hadharani na hakuna kiingilio. Utajifunza kwa nusu siku jinsi watu wanavyoingia na kutoka bila kuelewa waliyoambiwa.

Tahadhari moja: kusoma hivi hakutufanyi mawakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na mwamini mwenye shida aelekezwe kwao au kwa wakili. Kazi yetu ni kumjua mtu wa kumpeleka kwake, na kumsindikiza.

Kwa wanaotaka kujadili makala haya katika jumuiya au darasani, tunapendekeza maswali mawili. Mwanajumuiya wenu akikamatwa wiki hii, nani atakwenda kumwona, na atamwitaje anapowasimulia wengine? Na mkialikwa kwenye kikao cha kumalizana kifamilia, yule ambaye kikao kinamhusu ameketi wapi?